Kookaburra: Uchunguzi wa Ndege Iliyotua Jangwani, 1929

Tarehe 21 Aprili 1929, Lester Brain, rubani wa shirika la Qantas, aliona ndege ndogo katika nyika ya Tanami, kaskazini ya Australia. Ilikuwa imesimama juu ya magurudumu yake, mabawa yake mazima, na vichaka vimeizunguka pande zote. Kivulini, chini ya bawa moja, alikuwa amelala mtu. Brain alizunguka chini kwa chini mara kadha wa kadha, akadondosha maji, lakini mtu yule hakuinua kichwa wala mkono. Hapakuwa na mahali pa kutua. Brain akageuza pua ya ndege yake kuelekea shamba la ng'ombe la Wave Hill kupeleka habari.

Aghalabu ajali ya ndege huacha vipande vilivyotawanyika, na kazi ya mchunguzi ni kuvikusanya na kuvisemesha. Katika jambo hili vipande havikuwapo. Chombo kilikuwa kizima, na watu wawili waliopanda ndani yake walikuwa wamekufa. Basi maswali yaliyotaka majibu yalikuwa mawili, wala si moja: kwanza, ni kitu gani kilichoishusha ndege ile mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu angechagua kushuka, na pili, ni kitu gani kilichowaua watu ambao kushuka kwenyewe hakukuwadhuru. Watu wengi wa wakati ule waliyachanganya maswali haya mawili, na juu yake wakaongeza la tatu, ambalo halikuhusu mashine hata kidogo: nani alaumiwe?

Ndege hiyo ilikuwa ya aina ya Westland Widgeon, yenye bawa moja la juu na viti viwili, na jina lake Kookaburra. Jina hilo ni la ndege wa Australia aliye jamaa ya mdiria wetu, ila ni mkubwa kuliko mdiria, na mlio wake wafanana na kicheko cha binadamu. Rubani alikuwa Keith Anderson, mtu aliyezaliwa Perth mwaka wa 1898 na kurusha ndege katika vita vya kwanza vya dunia. Mwenzake alikuwa fundi wake, Bob Hitchcock. Walikuwa wameondoka Sydney tarehe 7 Aprili kwenda kuwatafuta watu wengine waliopotea. Ajabu ya kisa hiki ndiyo hiyo, kwamba waliopotea wakaonekana, na watafutaji wakapotea.

Waliokuwa wakitafutwa walikuwa Charles Kingsford Smith, Charles Ulm na wenzao wawili, ndani ya ndege kubwa ya injini tatu iitwayo Southern Cross. Kingsford Smith alikuwa amejipatia sifa ulimwenguni mwezi wa Juni 1928, alipomaliza safari ya kuivuka bahari ya Pasifiki kutoka California hadi Brisbane kwa kupitia Hawaii na Fiji. Tarehe 30 Machi 1929 aliruka tena kutoka Richmond, karibu na Sydney, akikusudia kufika Wyndham, pwani ya kaskazini magharibi, na kutoka huko kwenda Uingereza. Safari hii haikuwa na heri. Uzi wa simu ya upepo uliowawezesha kupokea habari ulikatika mapema; hewa ikawa mbaya; wakapotea njia, petroli ikakaribia kwisha, na tarehe 31 Machi wakatua juu ya tope lililokauka karibu na mto Glenelg, katika nchi ya Kimberley. Mahali hapo walipaita Coffee Royal, kwa sababu ya kahawa waliyokunywa pamoja na kidogo cha brandi. Walikaa huko karibu majuma mawili, wakila konokono wa matopeni na chakula cha watoto wachanga kilichokuwa miongoni mwa mizigo.

Lazima isemwe sasa kwamba Anderson na Kingsford Smith hawakuwa wageni kwa wenyewe. Walikuwa wamefanya kazi pamoja magharibi ya Australia, wakachanga fedha na matumaini, na safari ya Pasifiki waliipanga wakiwa washirika. Lakini safari ilipofika Anderson hakuwamo. Alikwenda mahakamani kudai haki yake; na Hitchcock naye alidai fedha alizosema aliahidiwa, asipate kitu. Mwisho Anderson alipewa na Kingsford Smith pauni 1,000, na kwa fedha hizo akanunua Kookaburra. Kwa hiyo mtu aliyekwenda kumtafuta Kingsford Smith jangwani alikwenda kwa ndege iliyotokana na ugomvi wao. Wako waliosema kwamba alikwenda kwa urafiki, na wako waliosema kwamba alikwenda kwa ajili ya sifa au malipo. Moyo wa mtu hauna dira ya kuusoma. Ila hapana shaka kwamba mtu aliyemchukia mwenzake asingekimbilia nyika kama ile kwa ajili yake.

Sasa injini. Injini ya Kookaburra ilikuwa ya aina ya Cirrus, yenye silinda nne zilizopangwa mstari mmoja na kupozwa kwa upepo. Katika mashine ya namna hii vali ziko juu ya silinda, na kinachozifungua kiko chini, nacho ni mhimili wenye nundu unaozunguka pamoja na injini. Kati ya nundu na vali pana fimbo nyembamba ya chuma. Nundu ikipanda, fimbo husukumwa juu, nayo husukuma mkono mdogo mithili ya mkono wa mizani, na mkono huo hukandamiza vali ikafunguka. Nafasi baina ya fimbo na mkono hupimwa kwa unene wa karatasi, na hushikwa isibadilike kwa nati ndogo ya kukazia. Nati ikilegea, nafasi huongezeka. Nafasi ikiongezeka, vali haifunguki ipasavyo. Na silinda isiyofungua vali zake ni kama mtu aliyezibwa pua na kinywa. Silinda moja kati ya nne ikinyamaza, robo ya nguvu imekwenda, na zile tatu zilizobaki huitikisa injini yote kwa kukosa mwenzao.

Robo ya nguvu si kitu kikubwa kwa gari lililo barabarani. Dereva atapunguza mwendo afike kwake. Kwa ndege ndogo iliyojazwa petroli ya safari ndefu, katika hewa ya joto ambayo ni nyepesi na haibebi vizuri, ni tofauti ya kuendelea na kushuka. Rubani hana hiari ya kusimama kando ya njia afikiri.

Tena kasoro hii haikuwa ngeni. Katika safari ya kutoka Sydney kwenda Alice Springs, injini ile ile ilikuwa imelegeza fimbo yake karibu na Algebuckina, mahali pa reli katika upande wa kaskazini wa Australia ya Kusini. Anderson alitua, wakaitengeneza, wakaendelea. Hitchcock alikuwa fundi hodari, na kukaza nati si kazi ya kumshinda. Lakini nati iliyolegea mara moja inauliza swali ambalo kukazwa peke yake hakulijibu: kwa nini imelegea? Labda nyuzi zake zimechakaa. Labda mtikisiko wa injini umezidi. Mahali palipo na karakana, injini ingefunguliwa. Alice Springs ya mwaka wa 1929 ilikuwa kijiji, na watu waliopotea walikuwa wakingojewa. Usiku mmoja ulipita, na asubuhi ya tarehe 10 Aprili Kookaburra ikaruka.

Palikuwa na njia mbili za kwenda Wyndham. Ya kwanza ilikuwa kufuata waya wa simu ukatao bara kutoka kusini hadi kaskazini, kisha kuelekea magharibi kwenye mashamba ya ng'ombe. Njia hiyo ni ndefu, lakini chini yake mna visima, vituo na watu. Ya pili ilikuwa kukata moja kwa moja juu ya Tanami. Anderson alifuata waya kwa sehemu ya mwanzo tu, kisha akauacha. Dira yake haikuwa ya kuaminika. Simu ya upepo hakuwa nayo. Maji waliyochukua yalikuwa kama lita tatu, kwa watu wawili.

Nyika ya Tanami haifanani na picha za jangwa zilizo vitabuni, zenye vilima vya mchanga na mitende. Ni nchi tambarare, yenye mchanga mwekundu, nyasi za miiba na vichaka vilivyosongana; mtu anayeijua nyika ya Taru wakati wa kiangazi ana mfano wake, ila aizidishe mara nyingi na aondoe reli. Kutoka angani huonekana sawasawa kila upande. Alasiri ya siku ile silinda ilinyamaza, na Anderson akaishusha ndege katika uwazi mdogo bila ya kuivunja. Kwa ustadi wa rubani, kutua kule ni jambo la kusifiwa.

Habari za baadaye zimejulikana kwa sababu ya shahidi asiyetazamiwa. Ndege za wakati ule zilifunikwa kwa kitambaa kilichovutwa na kupakwa dawa, na juu ya kitambaa cha usukani wa mkia Anderson na Hitchcock waliandika habari zao. Waliandika siku na saa ya kutua, na kwamba sababu ilikuwa fimbo iliyolegea, kama ilivyotokea Algebuckina. Waliandika kwamba walijaribu kuruka tena wasiweze, na kwamba hawana maji. Hawakulaumu mtu. Ni maandishi ya mafundi, mafupi na ya wazi, na mtu ayasomaye huona kwamba waandishi wake walijua yatasomwa na mchunguzi na wakataka kumpunguzia kazi.

Kuruka tena kulizuiwa na nchi. Walifyeka vichaka, wakavitia moto ili kupata njia, lakini mchanga ulikuwa laini, mashina yalibaki, na kila saa ya kazi iliwatoa jasho wasiloweza kulirudisha. Walikunywa hata vimiminika ambavyo mwili wa binadamu hauvipokei. Moto ule ulienea nyikani ukaendelea kuwaka, na moshi wake ndio uliomwongoza Brain baadaye. Alama waliyoipeleka bila kukusudia ilifika, lakini ilichelewa.

Tarehe 12 Aprili, siku mbili baada ya Kookaburra kutua, rubani Les Holden aliiona Southern Cross matopeni, watu wote wanne wakiwa hai. Australia yote ilishangilia. Kisha ikakumbukwa kwamba Anderson hakufika Wyndham.

Jeshi la anga lilipeleka ndege chini ya Luteni Charles Eaton. Yeye mwenyewe hakusalimika na maradhi yale yale: injini yake iliharibika karibu na Tennant Creek, akaanguka, akatoka mzima. Jambo hili hutajwa kwa nadra, ingawa ndilo linaloonyesha vizuri hali ya injini za siku zile. Kuharibika kwa injini hakukuwa msiba wa ajabu uliomchagua Anderson. Kulikuwa sehemu ya kazi, na kila rubani alikuwa na lake la kusimulia. Kilichotofautisha mmoja na mwingine ni mahali alipoangukia na maji aliyokuwa nayo.

Eaton aliongoza msafara wa nchi kavu kutoka Wave Hill, kwa farasi na gari, pamoja na wenyeji wa asili wa nchi ile waliojua kusoma njia na nyayo. Wave Hill ni mahali ambapo mwaka wa 1966 wachungaji Wagurindji waliacha kazi na kudai ardhi yao, na jina lake sasa lajulikana zaidi kwa sababu hiyo. Mwaka wa 1929 bila ya wenyeji hao msafara usingefika, au ungefika na kuongeza makaburi. Tarehe 29 Aprili waliikuta ndege. Hitchcock alikuwa chini ya bawa. Anderson alikuwa umbali wa kama robo maili, huenda akitafuta maji, huenda akili imekwisha kupotea kwa kiu. Wakawazika pale pale, wakainakili habari ya usukani, wakarudi. Umma haukuridhika kwamba mashujaa waachwe mchangani, na mwezi wa Juni msafara wa pili ukaenda na lori kuwachukua. Hitchcock alizikwa Perth. Anderson alizikwa Sydney, katika bustani ya Rawson huko Mosman, mbele ya maelfu ya watu.

Wakati huo Serikali ilikuwa imekwisha kuunda Tume ya watu watatu, mwenyekiti wake akiwa Brigedia Jenerali L. C. Wilson, ili ichunguze mambo ya ndege zote mbili. Tume ilianza kazi mwezi wa Mei, lakini hukumu ya njiani ilikuwa imetangulia. Magazeti yaliyomwimbia Kingsford Smith mwaka mmoja nyuma sasa yalidokeza kwamba kupotea kwake kulikuwa hila ya kutafuta sifa na fedha, na kwamba Anderson na Hitchcock walikufa kwa ajili ya mchezo. Palitokea hata ushahidi mbele ya Tume wa kwamba Ulm aliwahi kuzungumza juu ya faida ya ndege kupotea. Kingsford Smith, aliyezoea kubebwa mabegani, alizomewa.

Katika kazi ya Tume mna jambo la kupendeza na jambo la kutia mashaka. La kupendeza ni kwamba haikukubali kuongozwa na kelele. Iliuliza kila kitu: hali ya hewa, petroli, daftari za safari, chakula, simu ya upepo. Ikaona kwamba Southern Cross ilitua kwa sababu ya haja na si kwa hila, ikawaondolea Kingsford Smith na wenzake shutuma ile kubwa. Haikuwaacha bila lawama, hata hivyo. Hawakuhakikisha akiba ya chakula cha dharura kabla ya kuondoka. Walikuwa na mafuta ya injini ambayo yangeweza kutoa moshi mweusi wa kuonekana mbali, wasiyatumie ipasavyo. Na chombo chao cha kupokea simu ya upepo hawakukigeuza kiwe cha kupeleka. Kuhusu Kookaburra, Tume ilikubali habari iliyoandikwa usukanini: injini ilipungua nguvu kwa kulegea kwa fimbo, kasoro iliyokwisha kuonekana Algebuckina. Ikasema pia kwamba ndege ile haikuandaliwa kama ilivyostahili safari kama ile.

La kutia mashaka ni kwamba Tume iliundwa ili kujibu swali la lawama, na swali la namna hiyo hupotosha hata majibu yaliyo sahihi. Mtu anayechunguza ili apate mkosaji humaliza kazi anapompata, au anapomsamehe. Nati ya injini haiwezi kupelekwa mahakamani, kwa hiyo hutajwa kwa sentensi moja na kupitwa. Laiti nusu ya siku zilizotumika kuupima ukweli wa maneno ya Ulm zingetumika kuuliza ni Cirrus ngapi zimewahi kulegeza fimbo zake, na ni nani mwenye wajibu wa kuizuia ndege yenye kasoro inayojirudia isivuke jangwa, marubani wengi wangefaidika. Mawazo ya kutenganisha uchunguzi na lawama yalichukua muda kuwa kanuni ya mataifa: yaliandikwa katika Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, kilichopitishwa mwaka wa 1951, kisemacho kwamba kusudi la kuchunguza ajali ya ndege ni kuzuia nyingine na si kugawa hatia.

Kwa kipimo hicho cha baadaye, mnyororo wa Kookaburra unaweza kusomwa pete kwa pete. Injini iliishusha ndege, haikuwaua watu. Njia ya mkato iliwaweka mbali na visima. Dira mbovu ilifanya mahali pao pasijulikane hata kwao wenyewe. Kukosa simu ya upepo kuliwafanya wawe bubu. Lita tatu za maji ziliwapa siku chache. Pete yoyote mojawapo ingekosekana, huenda wangeokoka. Fimbo ile ingelegea juu ya waya wa simu, Anderson angeshuka, Hitchcock angekaza nati kwa mara ya pili, na kisa chote kingekuwa mstari mmoja katika daftari. Kwa sababu hii wale waliosema kwamba Kingsford Smith ndiye aliyewaua walikosea, na wale waliosema kwamba injini ndiyo iliyowaua walikosea pia, ingawa kosa lao ni la heshima zaidi.

Hata hivyo si haki kumwita Anderson mzembe. Aliyepotea jangwani huhesabiwa kwa saa. Kila siku ya matengenezo ingekuwa siku ya kiu kwa watu wanne aliodhani wanakufa. Alipima hatari yake dhidi ya yao akachagua. Hakujua kwamba wale wanne walikuwa na maji tele.

Kingsford Smith aliendelea na safari yake ya Uingereza mwezi wa Juni ule ule wa 1929, akafika mwezi wa Julai kwa muda mfupi kuliko waliomtangulia, lakini neno Coffee Royal lilimfuata maisha yake yote. Ulm alipotea baharini karibu na Hawaii mwezi wa Desemba 1934. Kingsford Smith alipotea tarehe 8 Novemba 1935, upande wa Burma, akiwa katika ndege iliyoitwa Lady Southern Cross. Kilichopatikana baadaye ni mguu mmoja wa gurudumu uliotupwa ufukoni mwaka wa 1937. Kwao hapakuwa na usukani wenye maandishi, wala injini ya kufunguliwa.

Kookaburra iliachwa mahali pake. Mioto ya nyika ilikula kitambaa na mbao, ikabakiza chuma. Mpima ardhi mmoja aliikuta mwaka wa 1961, kisha ikapotea tena machoni pa watu, mpaka mwaka wa 1978 ilipotafutwa na kupatikana na Dick Smith. Mabaki yake yakachukuliwa na kuwekwa Alice Springs, mji ambao iliuacha asubuhi ya tarehe 10 Aprili 1929, na injini yake ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo moto haukuviweza.